Usiseme Unaumwa

Ukaniuliza, "Bamdogo, na wewe unasemaje?" Watu wote pale mkekani wakageuka kuniangalia, mimi nikaangalia samaki, wale migebuka kwenye sahani. Nikaokota mfupa niliokuwa nimeshaumaliza, nikaanza kuunyonya upya. Mjomba wako akasema, "Skola, sasa unamuuliza nani? Shemeji yangu huyu anaongea mara moja kwa mwaka, kama mvua ya mawe. Na ikinyesha hiyo, tukimbie wote!" Bibi yako akacheka, mamdogo wako akacheka, na mimi nikacheka. Wewe hukucheka. Ulinisubiri. Halafu ukainuka ukaenda nje kunawa mikono, na beseni la kunawia lilikuwa pale pale mbele yako.

Hiyo ni jana mchana. Leo umetoka na bibi kuaga watu, na bibi akianza kuaga anaanzia kwa marehemu, lazima akupitishe makaburini kwanza, kwa hiyo najua nina nafasi. Kesho alfajiri unapanda basi. Nimekaa nyuma ya kihenge, upande ambao upepo haufiki, karatasi nimeiweka juu ya debe. Mdomo wangu unaujua ulivyo. Mkono una nafuu kidogo, ingawa mwandiko unakwenda upande upande kama ng'ombe asiyezoea jembe. Utavumilia.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kula vizuri. Hayo bibi yako atakuambia mpaka basi liondoke, na dereva naye atayasikia bure. Nataka kujibu lile swali tu. Uliniuliza mbele za watu nikalikwepa, nikalala nalo, likaniamsha.

Kwanza niyarudie maneno ya mjomba wako, ujue kwamba nilisikia yote. Mtu mkimya watu wanadhani na masikio hana. Alisema jeshi limekusomesha pale chuo cha maafisa, umetoka na digrii, umetoka na nyota begani, wewe sasa ni Luteni Usu, na sote tumefurahi. Lakini ulisaini kwamba ukimaliza unatumikia kwanza miaka yako, ndipo uombe ruhusa ya masomo. Umeshapangiwa kikosi, huko mpakani. Na wakati huo huo kile chuo cha nje ulichokiandikia kimekujibu, kinakutaka ukasome masta ya mambo ya madaraja, gharama ni zao, na masomo yanaanza mwaka huu huu. Ukaomba jeshini wakuachie uende. Wakasema hapana, tumikia kwanza.

Hapo mjomba wako akajisogeza, akashusha sauti kama vile kuku wanamsikiliza. "Mimi nina mtu wangu hospitali. Anaandika tu kwamba moyo una shida, hauwezi mazoezi mazito. Jeshi litafanya nini na mgonjwa? Wanakuachia wenyewe, kwa barua, kwa heshima zote. Unapanda ndege. Haya, niambieni, hapo nani ameumia?"

Bibi yako akashtuka. "Moyo wa Skola una shida gani?"

"Hauna shida, mama. Ni wa kwenye karatasi."

"Basi hiyo karatasi ndiyo inywe dawa," bibi akasema, akaendelea kula.

Tulicheka tena. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Ndiyo kazi yangu penye watu wengi, wao wanaongea, mimi naangalia. Mjomba alipotaja madaraja uliinua uso kama ulivyokuwa unainua ukiwa mdogo, nikirudi na muwa. Unataka kusoma, hilo hata mtu akinibishia sitamsikiliza. Alipotaja moyo, tonge ulilokuwa umelishika ulilirudisha kwenye sahani, ukalifinya finya mpaka likawa halina umbo. Ndipo ukaniuliza mimi. Hukumuuliza bibi, hukumuuliza mamdogo wako. Nafikiri ulitaka mtu mmoja pale mkekani aseme kwa sauti kile ambacho wewe usingeweza kumwambia mjomba wako usoni. Na mtu uliyemchagua ni mimi, ambaye naogopa hata kumwambia kondakta anishushe.

Nataka ujue hofu hiyo ilivyo, maana wewe jeshini wameshakutoa, mwenyewe nimeona. Unakumbuka siku ya pili ulipokuja, bibi yako alipong'ang'ania? "Nataka kuziona hizo nguo. Nisije nikafa nimezisikia tu." Ukaingia chumbani, ukatoka umevaa kombati, buti, mkanda, kofia, na ile nyota. Mimi nilikuwa natokea zizini, nimeshika kamba. Nikakuona mlangoni. Sikuwaza kitu, mwanangu. Magoti yenyewe yalikunjika, nikachuchumaa pale pale kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikapiga makofi ya kusalimia, kama tunavyowasalimia wakubwa huku kwetu, na macho nimeyaangusha chini.

Ukapiga kelele, "Bamdogo! Unafanya nini? Simama bwana!" Sauti yako ilikuwa ya kulia. Na bibi yako kule kwenye kigoda, "Mwache, anaisalimia serikali."

Mimi nilishindwa kusimama kwa aibu. Wewe ukaja mbio na buti zako, ukapiga magoti mbele yangu, ukapiga makofi ukaniamkia vizuri kabisa kama mtoto wa Kifipa, suruali ya jeshi ikachafuka yote. Tukawa tumechuchumaa wote wawili, mbwa anatushangaa. Baadaye ulikaa unaisugua ile suruali mpaka giza likaingia.

Nimelifikiria sana lile jambo. Sikukusalimia wewe. Wewe nakujua, nilikubeba mgongoni ukanikojolea mpaka viatuni. Nilisalimia nguo. Na nimegundua nimefanya hivyo maisha yangu yote. Akija bwana mifugo na koti lake jeupe, nakubali ng'ombe wangu ana ugonjwa ambao najua hana. Akija mtendaji na mafaili, nasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Mjomba wako jana alikuja na tai, Jumapili, kwenye ugali. Nilipoulizwa nasemaje, niliiona tai kwanza. Sasa kama nyumba nzima inasalimia nguo, atasema nani kwamba mtu aliye ndani ya nguo anaumia?

Mjomba wako si mtu mbaya. Sitaki usome barua hii ufikiri nimeficha chuki. Baba yako alipofariki, na mama yako akarudi kwao Mbeya akaolewa tena, watu wengi wa upande ule walikusahau. Yeye hakukusahau. Yeye alihamishiwa kazi hapa Sumbawanga mjini, hana ndugu, baridi inamtesa, lakini kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli kuja huku kwetu Mollo kukuangalia. Ndiye aliyekupeleka shule ya bweni kule Kaengesa, mimi nilikuwa hata sijui pa kugonga mlango. Wewe unaona ukimkatalia utakuwa umemtukana. Ninaelewa. Na mimi naona nikimkatalia nitakuwa nimemtukana. Kwa hiyo tumekaa wote wawili kimya, yeye anadhani tumekubali.

Sasa nikuambie habari ya shule yangu, maana hiyo umeambiwa vibaya.

Bibi yako anapenda kuwasimulia watu, hata juzi kamsimulia yule katekista, kwamba mimi niliacha shule darasa la tano ili nikulee wewe. Anasema, "Huyu kijana ametoa masomo yake kwa ajili ya mtoto wa kaka yake." Watu wanatikisa kichwa, wananiangalia kwa heshima, na wewe unaangalia chini. Nimekuona ukiangalia chini tangu ulipopata akili. Niliiacha habari hiyo itembee kwa sababu ilinipendeza. Lakini siyo. Nilipoacha shule baba yako alikuwa mzima, anabeba magunia mjini, na wewe ulikuwa unajifunza kutembea. Hukuhusika kabisa.

Iliyonitoa shule ni kusoma kwa sauti. Mwalimu wetu alikuwa na utaratibu, kila Jumatatu mmoja anasimama mbele, anasoma ukurasa, wengine wanafuata. Mimi kusoma nilikuwa naweza, chini chini. Lakini kusimama mbele, wale wote wakiniangalia, sauti haikutoka. Ilikataa. Mara ya kwanza walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye dawati. Jumatatu iliyofuata nikamwambia bibi yako, "Mama, tumbo linauma." Akanipa dawa ya mizizi, chungu kama nyongo, nikainywa yote, ilikuwa nafuu kuliko kusoma. Jumatatu nyingine tumbo. Nyingine tumbo. Mwalimu akaambiwa kwamba mtoto huyu ni wa tumbo. Akanihurumia, mtu mwema, akaacha kuniita mbele. Nikafurahi. Nikasema, kumbe ni rahisi hivi.

Halafu ikaanza kazi. Wenzangu wakicheza mpira, mimi siwezi kucheza, ninaumwa. Nikikimbia, mwalimu anauliza, "Na tumbo je?" Kukawa na safari ya kwenda kuona ziwa kule Wampembe, darasa zima, wamepata lori. Mwalimu akasema wewe baki, barabara ni mbaya, tumbo lako litasumbua. Nikasimama barabarani naangalia lori linateremka, wanaimba. Mimi mzima kama jiwe. Nilitaka kukimbiza lile lori nipige kelele kwamba siumwi, nilikuwa nadanganya. Lakini ningesemaje? Ningesema mara ngapi nimedanganya, na bibi yako amechimba mizizi porini mara ngapi?

Kumbe ukisema uongo wa ugonjwa, lazima uendelee kuumwa. Uongo mwingine unasema mara moja unapita. Huu unalala nao, unaamka nao, unautembeza mbele za watu, usije ukaonekana unacheka sana. Na mwisho tumbo likaanza kuniuma kweli. Kila Jumatatu, kweli kabisa, nalia. Mpaka leo nikiitwa kwenye mkutano linaanza. Jana limeniuma. Darasa la tano sikumaliza. Hakuna aliyenifukuza. Niliacha kwenda, na hakuna aliyeshangaa, si mgonjwa yule?

Kwa hiyo usinibebee shule yangu. Ulikuwa unaniletea daftari zako likizo, unanifundisha hesabu usiku kwa kibatari, nikaona kwamba unanirudishia kitu. Hukuchukua kitu. Kukulea kulikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa, na nilipewa nikiwa sina nyingine.

Sasa ndipo nikufikirie wewe. Tuseme umepewa karatasi ya moyo, umekwenda huko nje. Unasoma madaraja. Kuna asubuhi utataka kukimbia, maana nimekuona hapa, unatoka kabla jogoo hajawika unakimbia mpaka mtoni na kurudi, unarudi unatoka mvuke kama ng'ombe wa kulima. Utakimbia huku ukiangalia nyuma? Utakutana na mwenzako mliyekuwa naye chuoni, ametumwa huko na jeshi, atakuuliza, "Skola, moyo vipi?" Utaweka mkono kifuani? Na ukirudi nchini, ukaomba kazi ya kujenga daraja, watafungua faili lako, watakuta wewe ni mgonjwa. Utaumwa mpaka lini, mwanangu?

Na kuna jambo lingine ambalo mjomba wako hawezi kulijua, kwa kuwa hakuishi na baba yako. Kaka yangu Deo alikuwa anaumwa kifua, anasema mzima. Anakohoa, unamuuliza, anajibu, "Upepo wa Ufipa huu, kila mtu anakohoa." Msimamizi wa ghala akimuuliza, "Deo, uko fiti?" anajipiga kifua kama ngoma, "Fiti, bosi!" anapandisha gunia. Alikuwa na mtoto, hakutaka kusimamishwa kazi. Alikwenda hivyo hivyo, fiti, fiti, mpaka wiki ambayo hakuamka. Yeye alikuwa na ugonjwa akasema hana. Leo mtoto wake hana ugonjwa, anaambiwa aseme anao. Moyo huo huo ambao ungeandikiwa shida, ndio kitu pekee alichokuachia ambacho hakikuharibika. Mimi siwezi kuukalia kimya ukitajwa hivyo. Jana niliweza. Leo siwezi.

Usifikiri nalipenda sana jeshi. Nikuambie ukweli, mjomba wako alipoanza kusema juu ya kukutoa, kitu ndani yangu kilishangilia. Mpakani kuna nini? Wewe unasema, "Bamdogo, ni poa tu, mimi ni mhandisi, tunajenga barabara na madaraja, hatupigani na mtu." Sawa. Lakini bunduki mnapewa. Mhandisi hapewi bunduki ya kupimia daraja. Ulipokwenda kambini mara ya kwanza, baada ya kidato cha sita, nilifikiri ni ile ya mujibu wa sheria, utaruka ruka kwenye matope, utarudi umekonda. Ukarudi unasema umechaguliwa. Nilikwenda kukata nyasi ambazo ng'ombe hawakuzihitaji. Kwa hiyo nikikuambia nenda, ujue si kwa kuwa sina hofu juu yako.

Wewe ulinieleza mambo ya ule mkataba, siku ile tunapukuchua mahindi. Nikakuuliza, "Sasa ukikaa huko miaka yote hiyo, shule si itakuwa imekukimbia?" Ukasema, "Bamdogo, hata huko jeshini watu wanasoma. Wapo wenye masta, wapo madaktari. Ila unatumikia kwanza, mkuu wa kikosi akuone kazi yako, ndiyo unaomba, na anaweza kukataa." Halafu ukapukuchua gunzi lile lile ambalo halikuwa na punje. Hilo la anaweza kukataa ndilo linalokula. Nimeliona.

Ningependa nikuambie kwamba kungoja kunalipa. Ningekudanganya. Unaujua mwaka ule wa njaa, ulikuwa mdogo lakini unakumbuka uji wa pumba. Ule ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kulima peke yangu, baada ya baba yako. Ntumba zilikuwa zimepigwa vizuri, matuta ya mviringo yamejaa shamba zima, nyasi zimefukiwa ndani zioze, juu tumevuna maharage. Mtu mwenye akili anangoja mvua zikae ndipo anayabomoa apande ulezi. Mimi nilisikia vijana pale kwenye pombe wanasema, "Yule mtoto anayelea mtoto, tutaona kama atalima." Ikanyesha mvua moja ya kupita, nikaingia na jembe nikabomoa yote, niwe wa kwanza, wanione. Nyasi ndani zilikuwa bado nzima, zina joto, zinanuka. Ulezi ukaota wa njano, ukasimama hapo hapo. Bibi yako alikwenda akachukua kiganja cha udongo, akanusa, akakimwaga, akarudi nyumbani. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Haya. Mwaka uliofuata nikasema sasa nitangoja. Nikangoja mno. Magugu yakaota juu ya ntumba marefu kuliko mimi, mvua zikapita, nikabomoa nimechelewa. Njaa ikawa nusu badala ya nzima. Kwa hiyo sina somo la kukupa hapo. Unaweza kukosea kwa kuharakisha na unaweza kukosea kwa kungoja, na mwenye shamba hajui mpaka abomoe. Ninachokijua ni kwamba ule mwaka wa kwanza nililima kwa ajili ya wale vijana wa kwenye pombe. Mwaka wa pili nililima kwa hofu. Mwaka wa tatu nilikwenda mwenyewe nikachimba tuta moja, nikanusa, nikangoja wiki, nikachimba jingine. Hapo ndipo tulikula.

Wewe nusa mwenyewe. Usibomoe kwa sababu mjomba wako ana haraka. Na usingoje kwa sababu mimi ninaogopa watu.

Jibu langu basi, lile la jana. Ningekuwa na mdomo ningesema hivi: nenda kikosini. Uliwapa jina lako na mkono wako, wakakusomesha, kawatumikie. Huko nje waandikie wewe mwenyewe, uwaambie ukweli, kwamba wewe ni askari, una miaka unayodaiwa, kama wanaweza kukungojea wakungojee, na kama hawawezi, asanteni. Utaumia. Najua utaumia, nimeona uso wako kwenye neno madaraja, na sitakuja kukuambia kwamba ni kitu kidogo. Halafu ukifika, omba masomo. Wakikataa, omba tena. Na kama siku moja ukaona jeshi si lako, umechoka, humo ndani mwako hamu haipo tena, basi toka. Toka mlangoni, mchana, kwa kusema naacha. Watakukasirikia, watakunyang'anya watakachokunyang'anya, utarudi hapa Mollo tutalima. Sitakuuliza swali. Lakini usitoke kwa kusema unaumwa.

Na kama baada ya kusoma yote haya bado unaitaka ile karatasi, wewe ni mtu mzima, utaiomba kwa mdomo wako mwenyewe. Sitakuzuia, na nitakusindikiza hadi stendi vile vile. Ila sitaki ikukute mezani imeshaandikwa, imepigwa muhuri, kwa sababu tu bamdogo wako alikuwa ananyonya mfupa.

Nafikiri ndiyo maana nimeharakisha kuandika na mwandiko umezidi kuharibika. Mjomba wako alisema anaonana na mtu wake leo jioni akitoka kazini. Jua limeshapita juu ya ule mti wa mkaratusi. Kutoka hapa mpaka mjini kwa baiskeli, na upepo huu wa mwezi wa saba unaokuja usoni, si mwendo wa kuchezea, na baiskeli ya kuazima yenyewe inakubali pancha popote. Nisipotoka sasa nitamkuta ameshakwenda, na ikishaandikwa, hakuna hata mmoja kati yetu atakayekuwa na uso wa kumwambia aichane. Wewe usimwambie. Wewe bado una safari na yeye, umpigie simu sikukuu, umletee zawadi. Akikasirika, anikasirikie mimi, mimi naishi hapa hapa, atapoa.

Sijui nitaanzaje. Nitampa shikamoo, baada ya hapo sijui. Tumbo limeshaanza. Barua naiweka ndani ya buti lako la kushoto, juu ya kitanda chako uione ukirudi tu, maana begi bibi yako atalipekua kukuongezea ulezi.

Acha niende. Mkirudi mkakuta sipo, mwambie bibi asinitafute zizini. Niko mjini kwa mjomba wako, naongea.

Baba yako mdogo